Kusubu vichwa vya risasi vya .45-70: shajara ya mradi

Februari 3: lengo na maneno

Bunduki ni ya kupakia moja moja: wenzo unavutwa chini, kitasa kinachoziba nyuma ya mtutu kinashuka, risasi inaingizwa kwa mkono, kitasa kinafungwa. Inatumia .45-70, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Namba ya kwanza ni kipenyo cha takriban inchi 0.45, ya pili ni greni 70 za baruti nyeusi ya enzi hizo. Kichwa cha asili kilikuwa na greni 405, yaani gramu 26 na ushei. (Greni 1 ni gramu 0.0648. Mizani ya kazi hii husoma greni, kwa hiyo tutabaki nazo.)

Lengo ni vichwa vya kusubu wenyewe, vinavyouacha mtutu safi na kuweka matundu matano ndani ya inchi 3 kwa mita 100.

Kiswahili kinatega mtego hapa, maana risasi ni madini na risasi ni ile inayopigwa. Humu, *risasi* peke yake ni madini. Kinachoruka ni *kichwa*, kinachobeba baruti ni *ganda*, kinachowasha ni *fataki*, na vyote vikishaunganishwa ni *risasi kamili*. Ndani ya mtutu kuna *mifereji* iliyokatwa na *matuta* yaliyobaki kati yake.

Kipimo cha baruti hakitaandikwa humu. Kinatoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti unayoitumia, kwa kichwa cha uzito wako, basi. Vitabu hivyo hugawa .45-70 katika makundi matatu kwa uimara wa bunduki, na la chini kabisa ni la bunduki za Springfield za 1873. Tumebaki kundi hilo, kwenye kipimo cha kuanzia. Ulizia pia sheria ya ulipo: zipo nchi ambako kujitengenezea risasi kamili kunahitaji kibali chake, mbali na kile cha kumiliki bunduki.

Februari 4: kupima mtutu

Usinunue kalibu (umbo la kusubia vichwa) kabla ya hatua hii. Pakaza mafuta ndani ya mtutu, chukua donge la risasi laini lililo nene kidogo kuliko tundu, ligonge liingie kupitia mdomo wa mtutu, kisha lisukume kwa fimbo ya shaba mpaka litokee upande wa chemba, yaani nyuma ya mtutu inapokaa risasi kamili. Linatoka na alama za mifereji, na hapo maikromita inasema ukweli.

Kosa: donge la kwanza lilitengenezwa kwa uzani wa kusawazishia magurudumu, ambao una antimoni na ni mgumu. Lilikwama inchi 7 ndani. Kitu kilichokwama mtutuni hakitolewi kwa kupiga risasi kamili nyuma yake, hata iwe na baruti kiduchu, mtutu hupasuka. Tulimimina mafuta mepesi pande zote mbili, tukaliacha lilale usiku kucha, asubuhi tukaligonga kutoka upande wa chemba kurudi lilikotoka, kwa fimbo iliyozungushiwa utepe ili isikwaruze. Dakika 40 za kugonga taratibu. Donge la pili lilikuwa chubwi la kuvulia samaki, risasi karibu tupu, likapita kwa dakika 2.

Matokeo: mifereji inchi 0.458, matuta 0.450. Kichwa kinatakiwa kizidi mifereji kwa 0.001 hadi 0.002, kwa hiyo tunalenga 0.459. Bunduki za kale za aina hii zinaweza kuvuka 0.460, ndiyo maana kipimo cha mwenzako hakikufai. Mtutu wenye mifereji ya hesabu witiri hupimika kwa shida, kwa sababu mfereji hutazamana na tuta. Huu una sita.

Februari 10: madini, na kilo 3.5 zilizopotea

Tulikuwa na kilo 8 za risasi ya mabamba na mabomba ya zamani, na kilo 3.5 za uzani wa magurudumu. Nia ilikuwa kuyeyusha ule uzani kwanza, tuuweke akiba. Sufuria ya chuma, jiko la gesi, nje penye upepo. Kipimajoto hatukuwa nacho, na hilo ndilo kosa.

Siku hizi uzani mwingi wa magurudumu ni wa zinki au chuma. Risasi huyeyuka kwenye 327°C, zinki kwenye 419°C. Ukikaa katikati, kama 360, vipande vya zinki na chuma vinaelea juu na unaviopoa kwa kijiko. Sisi tuliuacha moto upande. Vipande vya chuma vilielea kama ilivyotarajiwa. Vya zinki vilikuwa vimeshayeyuka na kuchanganyika. Dalili yake ni uso wa sufuria kuwa kama uji wa mahindi uliokatika. Unakwangua, unarudi ule ule. Ukisubu, kichwa kinatoka na makunyanzi na kingo za mviringo hata kalibu ikiwa ya moto kiasi gani.

Kuna njia za kuitoa zinki zinazoandikwa hapa na pale. Kwa kilo 3.5 hazistahili taabu. Yote yamekuwa machubwi.

Namna ya kutenga kabla ya kuyeyusha: jaribu kila kipande kwa koleo la kukatia waya. Risasi inakatika kama jibini, zinki inagoma na kuacha alama tu. Risasi ikiangushwa sakafuni inatoa mlio mfu, zinki inalia.

Betri za gari hazikuguswa wala zisiguswe. Vibao vyake vina aseniki na antimoni, na mabaki yake yakikutana na maji yanaweza kutoa gesi za sumu kali.

Februari 11: mchanganyiko

Kipimajoto kimepatikana. Kilo 8 za risasi laini na gramu 400 za bati, uwiano wa 20 kwa 1. Bati hapa ni madini yenyewe, lile linaloingia katika lehemu. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na ukilitia humo umerudi Februari 10. Risasi tupu ina ugumu wa takriban 5 kwa kipimo cha Brinell, mchanganyiko huu unafika kama 10. Kazi kubwa ya bati ni kufanya madini yatiririke hadi kwenye kona za kalibu.

Kusafisha: vumbi kavu la mbao juu ya uso, liungue liwe kaa, koroga ukikwangua kuta na chini, kisha engua mavi ya kijivu, yaani takataka zinazoelea juu ya madini. Usiengue kabla ya kukoroga na kaa, maana tabaka lile linalong'aa juu ni bati lililopata kutu. Kaa linalirudisha chini. Mavi yaende kwenye kopo lenye kifuniko. Kwa joto hili risasi haitoi mvuke wa kutisha. Hatari iko kwenye vumbi la mavi hayo na kwenye vidole. Sufuria na kijiko havirudi jikoni tena, na mikono inaoshwa kabla ya kugusa chochote kinacholiwa.

Februari 17: kusubu, mkupuo wa kwanza

Kalibu ya alumini yenye matundu mawili, ya kichwa cha greni 405 chenye mifereji mitatu ya grisi. Madini 380°C. Vilisubiwa 140, vikafaa 31. Makosa yalikuwa matatu, na yalikuja kwa zamu.

Makunyanzi. Arobaini na ushei vya mwanzo vilikunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Nusu ya sababu ni kalibu baridi. Nusu nyingine ni mafuta ya kiwandani, yaliyofutwa kwa kitambaa tu. Tulisimamisha kazi, tukaichemsha kalibu kwenye maji ya sabuni, tukaisugua kwa mswaki, tukaikausha juu ya moto. Baadaye kona ya kalibu ilizamishwa kwenye madini kwa sekunde 20 kabla ya kuanza. Ikitoka bila risasi kuing'ang'ania, imefikia joto.

Vitako vya mviringo. Hiki ndicho kilichokula vichwa vingi, na ndicho kibaya zaidi, kwa sababu gesi humalizia kukisukuma kichwa kwenye kitako. Upande mmoja ukiwa butu, gesi inapenya huko kwanza na kichwa kinasukumwa kando. Bamba la kukatia vikonyo (madini yanayobaki juu ya tundu la kalibu baada ya kumimina) lilikuwa limekazwa mno, hewa haikuwa na pa kutokea. Lilegezwe mpaka lizunguke kwa uzito wake kalibu ikiinamishwa, lisicheze juu na chini. Na kikonyo kiachwe kikubwa, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kichwa kikiganda kinasinyaa na kuvuta madini kutoka kikonyoni. Kikonyo kikiwa kidogo kinavuta hewa.

Utando pembeni. Kichwa kinatoka na ukingo mwembamba kama mkia wa samaki, maana yake kalibu haikufunga. Kulikuwa na tone la risasi, dogo kuliko punje ya mtama, kwenye uso wa nusu moja. Lilitolewa kwa kijiti cha mbao kalibu ikiwa ya moto. Kisu hapana: mkwaruzo mmoja kwenye alumini ni wa kudumu.

Februari 18: mkupuo wa pili

Vilisubiwa 150, vikafaa 118. Kilichobadilika ni mwendo kuliko kitu kingine: mimina, tazama kikonyo. Kwanza kinang'aa kama kioo, halafu kinatumbukia kidogo katikati, halafu mng'ao unakufa ghafla na uso unakuwa wa maziwa. Kuanzia hapo hesabu tano, kata. Ukikata mapema bamba linapaka risasi chini yake na kitako kinang'oka shimo. Ukichelewa unahitaji nyundo. Vikianza kutoka na rangi ya ukungu mweupe, kalibu imezidi joto. Ukungu mdogo hauna neno, ila ukikolea kichwa kinapungua kipenyo. Pumzika dakika moja, uendelee.

Tukio: vichwa vibovu vilivyokuwa juu ya kitambaa chenye unyevu vilirudishwa sufuriani. Kimoja kilibeba tone la maji. Maji yakizama chini ya risasi yanageuka mvuke mara moja na kulipua madini. Takriban nusu kilo iliruka hadi mita 2. Miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunga ndivyo vilivyobadilisha ajali kuwa usafi wa sakafu. Sasa vichwa vibovu na vikonyo vinawekwa juu ya sufuria, ukingoni, vikauke kwa joto kabla ya kusukumwa ndani, na havirudishwi katikati ya kazi.

Uzito: wastani greni 407.6. Kalibu husema 405 kwa mchanganyiko wa aliyeichonga, si wako. Vilivyopungua zaidi ya greni 1.5 chini ya wastani vilirudi sufuriani hata kama vinapendeza kwa macho, kwa sababu upungufu huo ni tundu la hewa lililojificha ndani. Viwili vilizidi kwa greni 2. Hivyo kalibu haikufunga. Vimebaki 109.

Februari 24: grisi na kipenyo

Nta ya nyuki na mafuta ya mgando ya petroli, nusu kwa nusu kwa uzito, kwa kuwa tunatumia baruti isiyo na moshi. Anayetumia baruti nyeusi aondoe mafuta ya petroli, atie shahamu ya ng'ombe: petroli ikikutana na masizi ya baruti nyeusi inakuwa lami ngumu.

Vichwa husimamishwa kwenye bakuli la chuma, grisi iliyoyeyuka inamiminwa hadi juu ya mfereji wa tatu, inaachwa igande, kisha kila kichwa kinatolewa. Tuliacha usiku mzima. Keki ya grisi iligawanyika vipande na mifereji mingi ikabaki mitupu. Itoe ikiwa bado vuguvugu, ile ya kuacha alama ya kidole bila kunata. Baada ya hapo vichwa vilisukumwa kwa presi kupitia dai (tundu la chuma la kusawazishia kipenyo) ya 0.459. Vyote vilisoma 0.459. Tuliandika namba hiyo tukaisahau, na ndiyo iliyotugharimu majuma mawili.

Machi 2: kupakia

Maganda 20, yamekatwa sawa inchi 2.100 (kikomo ni 2.105), fataki kubwa za bunduki, mdomo umepanuliwa kidogo ili usikwangue kichwa. Baruti kwa mizani, ganda kwa ganda. Ganda la .45-70 ni pana, lilitengenezwa kwa baruti nyeusi inayolijaza. Kipimo cha baruti isiyo na moshi hakilijazi, hivyo vipimo viwili vinaweza kuingia bila kumwagika wala kuonekana ukizembea. Maganda yote yasimame kwenye ubao, yamulikwe kwa tochi, urefu wa baruti ulinganishwe kabla kichwa chochote hakijawekwa. Mdomo ukabanwa kidogo tu, kuondoa ule upana.

Machi 3: jaribio la kwanza

Mita 50, risasi kamili 10. Mtawanyiko wa inchi 7.5, na tundu moja la umbo la yai, yaani kichwa kilifika kikiwa kimelala ubavu. Mtutuni kulikuwa na utando wa risasi mzito, wa fedha, kuanzia mbele ya chemba hadi inchi 5. Kuutoa kulichukua saa 2 kwa nyuzi za shaba nyekundu tupu zilizozungushwa kwenye brashi ya zamani. Hakikisha hazikuvutwa na sumaku kabla ya kuziingiza.

Machi 9 na 10: dawa isiyo ya ugonjwa

Wazo lilikuwa lile la siku zote: utando umetokea, basi kichwa ni laini, kiongezwe ugumu. Kilo 2 za madini ya herufi za mitambo ya kale ya uchapaji (risasi 84, antimoni 12, bati 4 kwa mia) zilichanganywa na kilo 2 za risasi laini. Vichwa vigumu, vinang'aa, vizuri kutazama. Risasi kamili 10 nyingine, mita 50: inchi 6.8, na utando mahali pale pale, sasa wa magamba.

Tungesoma mahali utando ulipokaa, tusingepoteza madini hayo. Utando karibu na chemba unasema kichwa ni chembamba: gesi ya moto inapita ubavuni, inakiyeyusha ngozi na kuipaka mbele. Utando karibu na mdomo wa mtutu unasema grisi imekwisha njiani. Na kwa shinikizo dogo kama letu ugumu unaumiza, kwa sababu kichwa laini hututumka kikisukumwa na kuziba mifereji. Kigumu kinabaki kilivyo.

Lakini chembamba vipi, na dai inasema 0.459?

Machi 16: ganda ndilo lililokuwa linabana

Risasi kamili tatu zilifunguliwa kwa nyundo ya kung'olea vichwa, vichwa vikapimwa tena. Juu, sehemu iliyokuwa nje ya ganda: 0.459. Kitakoni: 0.4565. Kichwa kilikuwa kimeminywa na ganda lake mwenyewe, chini ya mifereji, mahali hasa pa kuzibia gesi. Vile vigumu viliminywa pungufu, hadi 0.4575, lakini navyo havikutosha na havikuweza kutanuka.

Chanzo ni kipanuzi, kile cha kupanulia mdomo wa ganda, kilichokuja na seti ya dai. Kilipima 0.455. Kimetengenezwa kwa vichwa vya kiwandani vyenye gamba la shaba, ambavyo havijali kubanwa. Risasi ya 20 kwa 1 inajali sana.

Kipanuzi kipya kilichongwa kwa mashine ya kukerezea. Cha kwanza cha 0.460 kilizidi: vichwa vilizama gandani kwa kidole. Cha pili cha 0.4585, kikiwa kimesuguliwa mpaka king'ae, kinaacha ganda kwenye 0.4575 baada ya shaba kurudi nyuma kidogo. Kichwa kinashikwa kwa 0.0015, inatosha. Maganda matatu yalipakiwa vichwa bila baruti wala fataki na kufunguliwa tena: kitako 0.459, mara tatu. Nje, mdomo wa ganda lenye kichwa unasoma 0.480, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha .45-70, na zinaingia chembani kwa kidole bila kulazimishwa. Anayetaka vichwa vya 0.460 apime hapa kwanza.

Machi 17: jaribio la pili

Tumerudi kwenye vichwa vya 20 kwa 1 vya Februari. Mita 50, inchi 1.9. Mita 100, inchi 3.6. Mbele ya chemba hakuna kitu. Ukitazama kwa taa unaona chuma. Ila inchi 3 za mwisho karibu na mdomo zina michirizi myepesi ya kijivu: grisi.

Machi 23: grisi tena

Kati ya vichwa vilivyobaki, karibu theluthi vilikuwa na mfereji wa juu mtupu, matokeo ya ile keki iliyopasuka. Vyote vilipakwa upya, mifereji mitatu kamili, kwa nta 45 na mafuta 55 ili grisi iwe laini kidogo. Risasi kamili 15 kwa mita 100, makundi matatu ya tano: inchi 2.4, 2.9, 2.6. Kitambaa kavu kilichopitishwa mtutuni kilitoka na masizi tu.

Gharama hadi leo: kilo 3.5 za uzani wa magurudumu na kilo 2 za madini ya herufi zilizokwenda bure (mchanganyiko mgumu umewekwa kando, utafaa kazi nyingine), fataki 45, saa zipatazo 30, vipanuzi viwili. Vichwa vizuri vilivyobaki ni 71.

Kinachofuata: shabaha ya mita 100 inaonyesha matundu yakitawanyika wima kuliko kando, kwa hiyo uzito wa baruti na ushikaji wa ganda ndivyo vitakavyopimwa kabla ya kugusa kichwa. Pini moja ya kuelekezea nusu za kalibu nayo imeanza kulegea.